Kikombe Kwanza: Historia ya Marehemu Merle Augustus Stauffer, Fundi Bunduki wa Bonde la Tannery

Mchungaji, mama yetu Verna, ndugu, jamaa, majirani, na ninyi nyote mliopita kwenye theluji ya asubuhi hii kuja kumsindikiza mzee wetu, familia imenipa mimi, Wade Ostrander, mume wa Lorraine, heshima ya kuwasomea historia ya maisha yake, na nadhani nimechaguliwa kwa sababu nilizoea kuongea na ng'ombe, ambao wanajua kusikiliza bila kukatiza. Nitasoma kama tulivyoiandika mezani kwa mama, na pale nitakapotoka nje ya karatasi nitawaambia.

Marehemu Merle Augustus Stauffer alizaliwa siku ya Jumanne tarehe 11 Machi 1941, katika nyumba ya babu yake iliyo kando ya mto, hapa hapa Bonde la Tannery, kaskazini mwa Pennsylvania, akiwa mtoto wa tatu kati ya watoto watano wa marehemu Bwana Augustus Stauffer, aliyekuwa mfanyakazi wa kiwanda cha ngozi, na marehemu Bi Hulda, na alibatizwa katika kanisa hili tarehe 6 Aprili mwaka huo huo. Akiwa na miaka kumi na moja aliifungua bunduki pekee ya baba yake juu ya meza ya jikoni, akaifunga tena vizuri, isipokuwa ilibaki skrubu moja ambayo hakujua ilitoka wapi. Baba yake hakumchapa, alimtungia ile skrubu kwenye uzi akamwambia, "Utaivaa shingoni mpaka ukumbuke kwao ni wapi," naye akaivaa siku tisa, hata kanisani, mpaka alipokumbuka.

Alisoma shule ya chumba kimoja hapa bondeni kuanzia mwaka 1947 hadi 1955, kisha sekondari mjini Marlin kuanzia 1955 hadi 1959, na ripoti zake, ambazo mama bado anazo ndani ya bati la biskuti, zinasema ni mpole, ni mwaminifu, na akishika kitu mkononi hasikii anaitwa. Mwaka 1960 aliingia jeshini, akapelekwa Ujerumani katika karakana ya silaha, akamaliza mwaka 1962, na kutoka hapo akaenda Colorado kusomea ufundi bunduki kwa miaka miwili. Aliporudi mwaka 1964 aliajiriwa katika kiwanda cha vioo mjini Marlin, na siku za Jumamosi alitengeneza bunduki za majirani katika banda la baba yake.

Marehemu alifunga ndoa na Bi Verna Dombrowski siku ya Jumamosi tarehe 12 Juni 1965. Walikutana mwaka mmoja kabla, kwenye mashindano ya kulenga shabaha ya kanisa, ambayo zawadi yake ilikuwa bata mzinga, na mama alimshinda mbele za watu wote, marehemu akambebea yule bata mpaka kwenye gari, na hadi mwezi uliopita alikuwa bado anadai kwamba upepo ulikuwa upande wa mama. Mungu aliwajalia watoto wawili, Lorraine aliyezaliwa tarehe 3 Mei 1967, na Gerald aliyezaliwa tarehe 19 Januari 1970.

Tarehe 1 Oktoba 1969 alipata leseni, akaacha kiwanda, akafungua Duka la Bunduki la Stauffer katika kile kilichokuwa kiwanda kidogo cha siagi, pale darajani. Wakati ule wilaya yetu ilikuwa na maduka saba ya namna hiyo, moja nyuma ya duka la pembejeo, jingine ndani ya chumba cha kinyozi, ambako ulinyolewa ukaondoka na pakiti ya risasi mfukoni, na kila duka lilikuwa na wateja wake na uongo wake kuhusu kulungu aliyekimbia. Siku ya Jumatatu ya kwanza ya msimu wa kulungu shule zilifungwa, wawindaji walipanga magari toka darajani mpaka kanisani, Bi Verna akauza donati na pierogi, yale maandazi ya viazi ya kwao, na kila aliyepata kulungu alimleta apimwe kwenye mzani wa duka na kupigwa picha. Picha zile zilijaa ukuta mzima, na wengi wenu mmo, mkiwa na nywele.

Sasa niseme la mwaka 1974, ambalo limesemwa kwa sauti ya chini bondeni humu kwa karibu miaka hamsini, na ninalisema leo kwa ruhusa ya Bi Eunice Burdick, aliyeketi pale benchi la pili na kofia yake ya kijani. Siku ya Jumatano tarehe 16 Oktoba 1974, mume wake Hollis, aliyesoma na marehemu dawati moja, aliingia dukani kuchukua bunduki yake iliyokuwa imeletwa kutengenezwa, na duka lilikuwa limefurika kama ilivyo msimu unapokaribia, marehemu akampitishia bunduki juu ya vichwa vya watu akisema, "Haya Hollis, iko kama mpya," Hollis akajibu, "Asante, Merle," akatoka. Alipokuwa akifunga duka, saa kumi na moja jioni, ndipo marehemu alipokumbuka kwamba Hollis alikuwa amewaambia watu tangu Agosti kuwa mwaka ule hawindi. Aliacha mlango wazi, akaendesha gari mpaka kwa Burdick, akakuta amechelewa, Hollis ameshajitoa uhai.

Hollis alizikwa Jumamosi ile, na marehemu hakufungua duka tena, akasema anarudisha leseni na kurudi kwenye vioo. Baada ya wiki mbili Bi Eunice mwenyewe alikuja nyumbani kwao, amebeba birika la bluu la jikoni kwake, akakataa kuketi.

"Merle, sikulaumu kwa kumpa kilicho chake," akasema. "Ila wewe ndiye mtu wa mwisho aliyemwona, na hukumwambia hata kaa."

Mama anasema marehemu alilia mbele ya mgeni, jambo ambalo hakuwa amelifanya hata alipomzika baba yake. Bi Eunice akaliweka lile birika mezani, akasema, "Kafungue duka. Hili liweke juu ya jiko, na watu wakae."

Duka lilifunguliwa Jumatatu tarehe 4 Novemba 1974, na tangu siku hiyo, kwa miaka karibu arobaini na tisa, hakuna bunduki iliyotoka kwenye mlango ule, iwe ya kununuliwa au ya kutengenezwa, kabla mwenyewe hajaketi na kunywa kikombe cha kahawa mpaka chini. Wengi walinung'unika, na tuseme ukweli tukiwa kanisani, ile kahawa ilikuwa mbaya. Bwana mmoja ambaye sitamtaja, maana yupo, alimwambia, "Merle, hii si kahawa, hii ni dawa ya kutoa kutu kwenye mtutu," naye marehemu akamjazia tena akisema, "Basi kunywa, hata wewe una kutu."

Na nyuma, katika chumba kilichokuwa cha kupoza siagi, akaweka rafu aliyoiita rafu ya wageni. Mtu yeyote aliyeona kwamba kwa kipindi fulani bunduki haifai kukaa nyumbani kwake, awe ni mke anayemhofia mumewe, au mzazi ambaye mwanawe amerudi kutoka vitani hasemi na mtu, au mtu anayejihofia mwenyewe, aliileta, marehemu akaiandika kama sheria inavyotaka, akaiweka, wala hakuuliza kwa nini. Siku ya kuichukua ulikaa, ukanywa, naye akakuuliza swali moja tu, "Nyumbani kukoje?" na kama jibu lako halikumridhisha alisema, "Bado naipaka mafuta, hebu pita wiki ijayo." Kila mtu anajua bunduki hupakwa mafuta kwa dakika kumi, lakini ziko zilizopakwa mafuta miaka mitatu mle ndani, na hakuna mwenye bunduki aliyewahi kulalamika. Kwa sababu hiyo marehemu alipata jina la uzembe kwa baadhi ya kazi zake, mkamtania, wala hakujitetea, na hilo nitalirudia. Gerald alipomuuliza zamani ni bunduki ngapi zimewahi kupita kwenye rafu ile, alijibiwa, "Ni za watu, unataka idadi ya nini?"

Yale maduka mengine sita yalikwenda moja moja, yule kinyozi alifariki mwaka 1987 na wanawe hawakutaka mkasi wala risasi, la pembejeo likafungwa 1999, baada ya duka kubwa kujengwa kando ya barabara kuu ya Marlin, maili arobaini kutoka hapa, ambako bunduki inakufikia kabla hujamaliza kutafuna mkate wako, na la mwisho, ukiacha la kwake, likafunga mlango 2016. Kiwanda cha vioo kilizimwa, shule yetu ikaunganishwa na ya Marlin, vijana wakahama, na ukuta ule wa picha ukaanza kukaa mwaka mzima bila sura mpya. Ikaja kompyuta. Bunduki iliyonunuliwa huko sheria inataka ipokelewe na mwenye leseni aliye karibu na mnunuzi, basi mzee wetu akajikuta anafungua maboksi ya mauzo ya watu wengine, na kijana mmoja aliyekuja kuchukua la kwake alisimama mlangoni akisema, "Mzee, mimi nina haraka, nionyeshe tu darubini yake inafungwaje."

"Umeposa kwenye kompyuta," marehemu akamwambia, "bibi harusi ameletwa na gari la mizigo, sasa unanitaka mimi nikufundishe kuishi naye? Kaa. Kikombe kwanza."

Kijana alikaa. Wengine hawakukaa, walikwenda Marlin wasirudi, na fomu ziliongezeka na bima ikapanda, na mama alimwambia zaidi ya mara moja kwamba aache ile desturi ya kahawa angalau kwa wenye haraka, ili duka liishi. Alimjibu kwamba duka bila kile kikombe limeshakufa tayari, kinachobaki ni mbao na vyuma. Serikali hakuilalamikia, kanuni zake alizifuata kila nukta, na kitu pekee nilichowahi kumsikia akikilaani hadharani ni kuhamishwa kwa siku ya kwanza ya msimu kutoka Jumatatu kwenda Jumamosi mwaka 2019, na hilo alilipeleka mpaka kwenye sala ya chakula.

Mwezi Oktoba 2022 marehemu alianza kukohoa, na siku ya Jumanne tarehe 17 Januari 2023 madaktari wakamwambia kwamba ana saratani ya mapafu, na kwamba ana mwaka, pengine pungufu. Alirudi nyumbani akavua kofia, akasema duka litafungwa tarehe 31 Agosti, kisha akauliza kuna nini cha kula. Mfanyabiashara mmoja wa jimbo jingine alikuja kununua mashine na bidhaa zote, na alipofika chumba cha nyuma akasema na hizi kumi na moja nazichukua, marehemu akasimama mlangoni na mtungi wake wa oksijeni akamwambia, "Hizo hazina bei, bwana, zina wenyewe."

Kuanzia hapo hofu yake ilikuwa moja tu, na sisi nyumbani tulimwona nayo kila siku, kwamba pumzi itamwishia kabla ya rafu kuisha. Hakutaka ziachwe mikononi mwa mtu asiyewajua wenyewe, wala hakukubali zipelekwe kama vifurushi, ilikuwa lazima aende yeye, akae, anywe, aulize swali lake. Mama akamwambia, "Merle, daktari amesema upumzike," naye akajibu, "Nitapumzika sana, Verna, hilo nimeshaahidiwa."

Basi Gerald akaendesha gari, baba pembeni yake, mtungi katikati, na birika la Bi Eunice miguuni, wakazunguka bonde hili kuanzia Aprili, nyumba moja kwa wiki, pengine nyumba moja kwa wiki tatu kama kifua kilikuwa kibaya. Kwa waliokwisha kufariki aliwapa watoto wao, baada ya kukaa nao. Kule juu kulikuwa na mama mmoja mjane, bunduki ya mumewe ilikuwa kwenye rafu tangu 2001, akasema hataki kuiona, na marehemu akavaa miwani ya kuchomelea akaikatakata vipande vipande uani kwake, akipumzika kila baada ya kipande, na siku hiyo kahawa alipika yule mama. Duka lilipofungwa tarehe 31 Agosti 2023, la saba na la mwisho katika wilaya hii, rafu ilikuwa imebaki na bunduki moja. Gerald aliuliza ni ya nani, akaambiwa, "Ya mgeni," akaibeba kwenda nayo nyumbani.

Marehemu alifariki siku ya Alhamisi tarehe 8 Februari 2024, saa nne na dakika ishirini asubuhi, kitandani kwake, mkono wake ukiwa ndani ya mkono wa Bi Verna, akiwa na umri wa miaka themanini na miwili na miezi kumi, na ameacha mjane, watoto wawili, wajukuu watano na vitukuu watatu.

Familia inawashukuru madaktari waliomwambia ukweli bila kumkatisha tamaa, na muuguzi aliyekuja kila siku ya tatu, hata ile wiki barabara ilipofungwa na akatembea kutoka darajani na mkoba mgongoni. Tunawashukuru majirani waliosafisha theluji uani kwetu kabla hatujaamka, tusijue hadi leo ni nani, na kikosi cha zimamoto cha kujitolea, ambacho marehemu alikitumikia miaka arobaini na moja na ambacho kimetupikia chakula cha leo. Tunawashukuru wenzake wa kazi, ninawaona wawili pale nyuma, ambao maduka yao sasa moja ni saluni na jingine ni stoo ya vigae, na ambao walikuwa wakimpigia simu kila Jumapili kumwuliza kama bado yuko wazi. Na tunakushukuru wewe, Bi Eunice, kwa kwenda nyumbani kwake siku ile badala ya kumchukia, maana ungekuwa na haki.

Hapa karatasi imeisha. Shukrani inayofuata ni yangu mwenyewe, na Lorraine nilimwambia jana mchana, ili asiisikie kwa mara ya kwanza mbele yenu.

Bunduki ya kumi na moja ilikuwa yangu.

Mnakumbuka mwaka 2009, maziwa yalipokosa soko, na kwamba siku ya Alhamisi tarehe 20 Agosti niliwapakia ng'ombe wangu wote sitini na wawili kwenye magari, ng'ombe wa babu yangu hao, niliowajua kwa majina. Kesho yake asubuhi nilikuwa naiogopa nyumba yangu mwenyewe. Nikachukua bunduki, nikaenda darajani, nikamwambia baba mkwe kwamba kitako cha bunduki, ule ubao wa nyuma, kimepasuka. Aliigeuza kwenye mwanga wa dirisha, akapitisha kidole gumba kwenye kile kitako, ambacho hakikuwa na hata mkwaruzo, akasema, "Ndiyo, kimepasuka vibaya sana. Hii itachukua muda." Kisha akanimiminia kahawa, tukakaa mpaka saa sita mchana tukizungumzia mvua.

Miaka kumi na minne nilikula naye kila Jumapili, na hakuwahi kulitaja, wala kwangu, wala kwa binti yake. Kila msimu mlipoulizana kwa nini Wade hawindi siku hizi, yeye ndiye aliyejibu, "Kitako chake hakijawa tayari, mimi ndiye mzembe," na mlimcheka, nawakumbuka, fundi bora wa wilaya nzima ameshindwa na kipande cha ubao cha mkwewe. Alikubali kuchekwa.

Siku ya Jumamosi tarehe 25 Novemba mwaka jana, siku ya kwanza ya msimu, alinipigia simu akasema njoo. Alikuwa kwenye kiti chake dirishani, birika juu ya jiko, na mkono wake haukuweza tena kulinyanyua, nikamimina mimi. "Kikombe kwanza," akasema. Nikanywa. Kisha akauliza, "Nyumbani kukoje?"

Nikamwambia kila kitu, mwaka ule ulivyokuwa, na ilivyochukua mingine mingi, na kwamba sasa nikiamka asubuhi nafurahi kuliona paa langu. Alisikiliza mpaka mwisho, akasema, "Umeacha kidogo chini," nikamaliza. Gerald akaileta bunduki. Nikamuuliza, "Kwa hiyo baba, kitako kimepona?"

"Kitako kilikuwa kizima," akasema. "Nilikuwa namngoja mwenye bunduki."

Duka limefungwa, na kule Marlin ni watu wazuri, lakini hakuna kiti. Lile birika tulimrudishia Bi Eunice, naye amenikabidhi mimi. Nyumba yangu mnaijua, ile ya bati jekundu barabara ya juu, mlango wa jikoni haufungwi, njooni na chochote mlicho nacho, au mje mikono mitupu, na kahawa nitajitahidi iwe mbaya kama ile yake. Leo, mkitoka makaburini, msiwashe magari kwanza, pitieni ukumbi wa zimamoto, mkae, mnywe mpaka chini, na mwenzako aliye kando yako umwulize kwake kukoje.

Asante, baba. Pumzika sasa, katika amani ile ile uliyotutunzia kule nyuma mpaka tulipoweza kuja kuichukua.